Siri ya sumu inayouzwa kama dawa ya kupunguza unene

WATU wanaotafuta njia ya mkato ya kupunguza unene wameonywa mara kadhaa dhidi ya DNP, kemikali ya rangi ya manjano inayouzwa kisiri kupitia intaneti. Mnamo 2015, shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, lilituma tahadhari kuihusu kwa nchi wanachama wake 190, Kenya ikiwemo.

Je, ni vipi kemikali moja humkondesha mtu na pia kumuua? Jibu limo katika utando mwembamba wa seli.

Utando huo umeundwa kwa tabaka mbili za mafuta. Kwa kuwa mafuta na maji havipatani, chembe zenye chaji ya umeme, yaani ayoni, hushindwa kupenya. Ayoni ya sodiamu iliyomo katika chumvi, kwa mfano, ni ndogo na chaji yake imekusanyika mahali pamoja. Maji huizingira na kuishikilia, hivi kwamba haivuki ila kwa mlango maalumu wa protini.

Hata hivyo, zipo ayoni zinazokiuka kanuni hii. Umbo lake ni kubwa, hupatana na mafuta, na chaji yake imetawanyika. Maji hayazishiki kwa nguvu. Hivyo basi, hunata kwenye uso wa utando, huteleza ndani ya mafuta, kisha hutokea upande wa pili. DNP ni mojawapo.

Hatari yake huonekana katika mitokondria, vinu vya nishati vilivyomo ndani ya seli. Vinu hivi hutumia nguvu ya chakula kusukuma protoni nje ya utando wao wa ndani, mithili ya maji yanayozuiwa kwa bwawa. Protoni zinaporejea kupitia mlango wake, huzungusha mtambo wa kutengeneza ATP, nishati inayoendesha mwili. Mwingereza Peter Mitchell alitoa nadharia hiyo mnamo 1961 na kutuzwa Nobel mwaka wa 1978.

DNP hutoboa bwawa hilo. Huchukua protoni nje, huvuka nayo, huiachilia ndani, kisha hurejea ikiwa na chaji hasi kubeba nyingine. Nguvu ya chakula hupotea kama joto. Mwili huchoma mafuta zaidi ili kufidia hasara hiyo, na mtu hukonda huku joto likipanda.

Joto likizidi, dawa za kawaida za kutuliza homa hazifui dafu, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini.

Madhara haya si mageni. Wafanyakazi wa viwanda vya silaha nchini Ufaransa walikufa kwa DNP wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Marekani iliipiga marufuku kama dawa mnamo 1938, baada ya watumiaji wengine kupofuka na wengine kufariki. Uingereza nayo iliiweka katika orodha ya sumu zinazodhibitiwa mnamo 2023.

Kinachomkondesha mtumiaji ndicho hicho kinachomuua.