Damu Imulikwe, Saratani Ijulikane Ukali Wake

Wazee wanaofika dirishani kwangu kuchukua majibu ya PSA huinama na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hii ni ile mbaya?" Mimi ni mtu wa maabara, jibu hilo sina, na karatasi ninayowakabidhi haina pia. PSA ni protini ya tezi dume. Ikivuka nanogramu 4 kwa mililita daktari hutega sikio, lakini hupanda hata kwa maambukizi au tezi iliyotanuka tu kwa uzee.

Ukali wa saratani hujulikana kwa sindano. Vinyama kama 12, vyembamba mithili ya uzi, huchomolewa kwenye tezi na kusomwa kwa hadubini kwa vigezo vya Mmarekani Donald Gleason vya miaka ya 1960. Alama 6 ni saratani ya polepole. 8 hadi 10 ni kali. Ile ya polepole mara nyingi hufuatiliwa tu, maana upasuaji unaweza kumwachia mtu mkojo usiozuilika na unyumba uliokufa. Kumpasua asiyehitaji ni kumdhulumu.

Ndiyo maana nafuatilia kazi ya watafiti wa Dublin, Ireland. Wao huchukua plazma na chembe nyeupe za damu, wakazimulika kwa leza au miali ya infraredi. Kwa upande wa leza, mwaka 1928, huko Calcutta, mwanafizikia C. V. Raman alionyesha kwamba mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo ya mwanga huo hurudi na rangi nyingine, na kila aina ya molekuli huibadilisha kivyake. Mashine huchora mstari wa vilele na mabonde: hapa protini, pale mafuta. Kompyuta hufundishwa kwa michoro ya wagonjwa ambao Gleason yao inajulikana, kisha hukisia ya mgeni.

Nina shaka mbili. Tyubu ya damu ikicheleweshwa kabla ya kuzungushwa ili plazma itengane, chembe nyekundu zinaweza kupasuka na mchoro ukabadilika. Kwa joto letu na foleni zetu, hilo si jambo dogo. Tena mwalimu wa kompyuta ni Gleason ileile, ambayo wataalamu wawili wanaweza kuisoma tofauti.

Kipimo hiki bado kiko mikononi mwa watafiti, kwa hiyo anayekuuzia leo mkimbie. PSA yako ikipanda, mwone daktari wa njia ya mkojo, na ukitolewa kinyama usiondoke bila kuuliza: Gleason yangu ni ngapi, na je, naweza kufuatiliwa bila kupasuliwa?