Nyumba Inabaki, Mpangaji Anahama

Ukipita Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, usiishie kupiga picha milango ya nakshi. Tazama nani amekaa barazani, na duka la chini linauza nini: mkaa na unga, au vinyago vya watalii?

Mwaka 1979 mwanajiografia Neil Smith, akichunguza mtaa wa zamani wa Philadelphia, Marekani, alieleza mabadiliko haya yanavyoanza: ni pengo kati ya kodi ambayo kiwanja kinaingiza leo na ile ambacho kingeweza kuingiza. Mji Mkongwe una pengo hilo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikapata wapangaji wa kodi ndogo. Matengenezo yakasahaulika, kuta zikamomonyoka. Kisha utalii ukaja. Familia inalipa kwa mwezi, mgeni analipa kwa usiku, tena kwa dola. Ungekuwa wewe ndiye mwenye nyumba, ungefanyaje?

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu kwenye Urithi wa Dunia. Vizuri, ila hadhi hiyo inalinda mawe, chokaa na boriti. Mpangaji hana kinga hiyo. Nyumba inaweza kukarabatiwa kwa ustadi kabisa, baraza ikapakwa chokaa mpya, na waliokuwa wakicheza bao pale wakawa wameshahamia Ng'ambo.