Gunia la Mboga Mlangoni Pako

Leo tutazungumza kuhusu bustani. Najua kuna atakayesema, "Sista, mimi na bustani wapi na wapi? Ninaishi chumba kimoja cha kupanga, hata kamba ya kuanikia nguo tunagombania." Tafadhali usizime redio. Mazungumzo ya leo ni yako wewe hasa.

Nianze na kisa. Mama mmoja alileta mtoto wa miezi 14 kliniki kupimwa uzito. Nilipovuta kope ya chini ya jicho la mtoto, ndani palikuwa peupe badala ya pekundu. Viganja vyake pia vilikuwa vimepauka. Mtoto mwenyewe alikuwa ametulia mno, hachezi wala halii. Alipopimwa, ilionekana ana upungufu wa damu. Alipewa matibabu, nami nikampa mama ushauri niliofundishwa chuoni: mpe mboga za majani kila siku, mpe maharagwe, mpe matunda, mpe maini ukiyapata.

Mama alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Sista, hayo yote ninayajua. Lakini mboga ni za kununua. Siku baba yao akikosa kibarua, tunakula ugali na chai ya rangi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa ushauri mzuri usio na mlango wa kuingilia nyumbani kwake. Jioni hiyo nilitafuta gunia.

Je, mboga za gunia ni jambo jipya?

La. Mtindo huu umekuwapo kwa miaka mingi. Huko Kibera, Nairobi, magunia ya mboga yalienea sana mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati chakula kilipokuwa haba na ghali. Na kule Pwani, akina mama wamepanda mrehani na asumini katika makopo mlangoni tangu zamani. Kwa hivyo hatuanzi jambo geni. Tunataka tu kopo lile litie kitu kwenye sufuria pia.

Gunia linatengenezwaje?

Gunia langu la kwanza lilikufa. Nilijaza udongo mtupu. Maji yakasimama juu, na chini kukabaki kukavu kama unga. Miche ya juu ikaoza, ya chini ikakauka. Nyanya mmoja jirani yangu alicheka sana, kisha akanionyesha siri yenyewe, ambayo ni mawe. Fuata hatua hizi:

Kwanza, tafuta gunia imara, lile la mahindi au la viazi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na hata hivyo haifai kwa kazi hii.

Pili, changanya udongo mzuri karai mbili na mbolea ya ng'ombe au mbuzi karai moja. Mbolea iwe imeoza vizuri, imekuwa nyeusi na haina harufu kali. Mbolea mbichi huunguza miche, na inaweza kubeba vijidudu na mayai ya minyoo.

Tatu, chukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia uliotolewa kitako. Usimamishe katikati ya gunia na uujaze mawe madogo. Jaza udongo kuuzunguka. Kisha vuta mkebe juu, mawe yabaki, ujaze tena. Endelea hivyo mpaka karibu na mdomo wa gunia. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo njia ya maji kufika chini.

Nne, toboa matundu ubavuni mwa gunia, kila tundu likiwa mbali na mwenzake kwa shubiri moja. Panda miche juu na ubavuni. Sukuma wiki, terere, spinachi na managu hufanya vizuri. Gunia moja kubwa linaweza kubeba miche 30 au zaidi.

Tano, liweke mahali penye jua angalau saa tano au sita kwa siku. Mwagilia kupitia kwenye mawe, asubuhi au jioni. Maji uliyooshea mchele au mboga yanatosha kabisa, usiyamwage. Usitumie maji ya mtaro, kwa maana yanaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo.

Baada ya wiki nne hadi sita utaanza kuchuma. Chuma majani ya chini, uache ya juu yakue. Ukiona vidukari, wale wadudu wadogo wanaojikusanya chini ya jani, wasugue kwa kidole au nyunyiza maji yenye sabuni kidogo, kisha osha majani kwa maji safi.

Kama huna nafasi ya gunia, tumia ndoo iliyopasuka, beseni kuukuu au mtungi wa mafuta ya kupikia uliokatwa. Toboa matundu chini ili maji yatoke. Dania na vitunguu vya majani huota hata kwenye mkebe mdogo dirishani. Lakini kabla ya kuanza, zungumza na mwenye ploti na majirani, ili bustani isilete ugomvi.

Ni nini kinachoweza kudhuru?

Hapa naomba unisikilize vizuri.

Usipande chakula katika mtungi uliowahi kubeba dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya gari, hata ukiuosha mara kumi. Usichote udongo karibu na gereji, mahali pa kuchomea taka au mahali betri za gari zinapovunjwa. Huko kunaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata madhara ya risasi kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014. Risasi haionekani kwa macho wala haina harufu.

Usiache ndoo ya maji wazi. Mbu huzaliana humo, na mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika ndoo iliyojaa nusu. Ukiishi ghorofani, usiweke mkebe juu ya ukuta wa baraza, unaweza kumwangukia mtu. Wala usiweke gunia karibu na ukuta huo, maana mtoto ataligeuza ngazi.

Vaa viatu unapofanya kazi ya udongo, kwa sababu minyoo ya safura huingilia kwenye ngozi ya miguu, na minyoo hiyo hunyonya damu ile ile tunayoitafuta. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Kama una mimba, vaa glavu au mifuko safi mikononi, hasa mahali paka wanapojisaidia, na hakikisha umepata chanjo ya pepopunda kliniki.

Maua je? Panda, mama. Lakini baadhi ya maua ya mapambo yana utomvu unaochoma mdomo, na mbegu za mbarika ni sumu kali. Ikiwa huujui mmea, usiuweke mahali mtoto anapotambaa.

Mboga zipikweje?

Osha majani kabla ya kukata, si baada ya kukata. Pika kwa dakika chache, usimwage maji yake. Usitie magadi, kwani magadi huharibu baadhi ya vitamini. Tia mafuta kidogo, kwa sababu mwili huhitaji mafuta ili kutumia vitamini A iliyo kwenye mboga.

Madini ya chuma yaliyo kwenye mboga hayafyonzwi kwa urahisi kama yale ya nyama. Kwa hivyo kamulia ndimu, au mpe mtoto chungwa au pera pamoja na chakula. Changanya na omena au maharagwe ukipata. Chai usimpe pamoja na chakula, inazuia madini hayo.

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama pekee. Akitimiza miezi 6, endelea kumnyonyesha na uanze kumpa mboga zilizokatwa ndogo sana na kupondwa pamoja na viazi au ugali laini.

Je, bustani inatosha kumponya mtoto?

Hapana, na sitaki kukudanganya. Upungufu wa damu unaweza kutokana na malaria, minyoo au ugonjwa mwingine, na gunia haliponyi malaria. Ukiona mtoto amepauka, anachoka upesi, anapumua kwa kasi au anapenda kula udongo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akifika miezi 6, apewe vitamini A, na arudie kila miezi 6 mpaka atimize miaka 5. Akifika mwaka mmoja, apewe pia dawa ya minyoo kila miezi 6. Nawe mwenye mimba, meza tembe zako za kuongeza damu kila siku kama ulivyoelezwa kliniki, hata ukiwa na magunia kumi.

Yule mama wa kisa changu alirudi kliniki kwa tarehe zake zote. Dawa ndiyo iliyomponya mtoto. Lakini siku moja alikuja na fungu la terere lililofungwa kwa uzi, akaliweka juu ya meza yangu. "Ni ya gunia langu, Sista," akasema. "Baba yao akikosa kibarua sasa, ugali hauliwi mkavu." Mtoto alikuwa chini akivuta pindo la sare yangu, hataki kutulia.

Akaniambia jambo jingine. Jioni, kazi zikiisha, yeye huweka kigoda karibu na gunia, akakaa tu akinusa ule udongo uliomwagiliwa maji. Mama, hiyo nayo ni afya. Mlezi aliyechoka anahitaji mahali pa kupumzisha macho, na dakika kumi kando ya majani mabichi hazilipiwi.

Kumbuka mambo haya: udongo safi na chombo safi, mawe katikati, maji yafunikwe, mikono inawiwe, mboga zisipikwe sana, na siku za kliniki zisikosekane.

Kama una swali, muulize mhamasishaji wa afya wa kijiji au mtaa wako, au njoo kliniki utuulize. Wiki hii tafuta gunia moja tu. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kwaheri, na afya njema kwako na kwa watoto.