Supu ya kuku na mahindi yenye ladha ya moshi: Siri ni kuchoma kwanza, si kuujaza moshi jikoni

Na Mwandishi Wetu

KATIKA miji mingi ya Tanzania, supu ya kuku imezoeleka kuwa chakula cha asubuhi: nyepesi, ya moto, yenye ndimu na pilipili, ikisindikizwa na chapati. Ipo hata hivyo supu ya namna nyingine, nzito zaidi, yenye nyama iliyochomwa na punje za mahindi mabichi yaliyopitishwa kwenye moto, ambayo bakuli lake moja latosha kuwa mlo wa jioni.

Kinachoitofautisha supu hiyo na nyingine ni harufu ya moshi. Harufu hiyo hiyo ndiyo inayozua swali katika kaya zilizohamia kwenye matumizi ya gesi: je, chakula kinaweza kupata ladha ya mkaa bila kuurudisha mkaa jikoni?

Swali hilo si la utamu wa mdomo peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani, unaotokana hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 walio na umri wa chini ya miaka mitano.

Nchini Tanzania, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mbali na gharama, jambo linalowafanya baadhi ya wapishi wasite kuliacha jiko la mkaa ni imani kwamba chakula cha gesi hakina ladha.

Imani hiyo ina ukweli nusu. Nyama iliyochomwa juu ya makaa ina ladha ambayo nyama ya kuchemsha haina. Lakini supu iliyochemka saa mbili katika sufuria yenye kifuniko haipati ladha hiyo kwa sababu tu chini yake kuna mkaa. Maji huchemka kwa joto lile lile, yaani nyuzijoto 100 katika miji ya pwani, yawe juu ya mkaa, gesi au umeme.

Ladha ya moshi inatoka wapi

Ladha ambayo wengi huiita ya moshi hutokana na mambo mawili.

La kwanza ni kubadilika rangi kwa chakula kinapokutana na joto kavu. Joto la uso wa nyama au punje ya mahindi linapofika nyuzijoto 140 hivi, protini na sukari zilizomo huungana na kutengeneza rangi ya kahawia pamoja na harufu nyingi mpya. Mabadiliko hayo yalielezwa mwaka 1912 na mkemia wa Ufaransa, Louis-Camille Maillard, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Kwa kuwa maji hayazidi nyuzijoto 100, nyama iliyowekwa majini ikiwa mbichi haiwezi kufikia hatua hiyo.

La pili ni moshi wenyewe. Mkaa uliowaka vizuri hutoa moshi mdogo sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitu vinavyofanya kuni zitoe moshi huondoka wakati wa kuchoma tanuri. Harufu inayosikika mbele ya jiko la mchoma nyama hutokana zaidi na mafuta na majimaji ya nyama yanayodondoka juu ya makaa, yakageuka mvuke na kurudi kuipaka nyama.

Kwa hiyo ladha hupatikana katika dakika chache za kuchoma, wala si katika muda mrefu wa kuchemsha. Wapishi wa pwani wanalifahamu jambo hili tangu zamani. Kuku wa kupaka, anayepikwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, huchomwa kwanza juu ya makaa, ndipo akapakwa rojo zito la tui la nazi. Supu hii inafuata utaratibu huo huo.

Mahitaji

Kwa watu sita, mpishi anahitaji kuku mmoja wa kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu, mahindi mabichi manne, vitunguu maji viwili, nyanya tatu, viazi mviringo viwili, punje tano za kitunguu swaumu, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, pilipili manga, pilipili mbuzi moja, ndimu mbili, majani ya giligilani, vijiko viwili vya mafuta, chumvi na lita mbili za maji.

Uchaguzi wa mahindi una uzito mkubwa. Hindi linalofaa ni lile ambalo punje yake ikitobolewa kwa ukucha hutoa maji meupe kama maziwa. Likitoa maji yasiyo na rangi, bado halijakomaa. Lisipotoa kitu, limekwisha kuwa gumu na utamu wake umegeuka wanga. Kwa kuwa sukari ya hindi huendelea kupungua baada ya kuvunwa, ni vyema kulinunua siku ile ile ya kupika.

Kuku wa kisasa na wa kienyeji wote wanafaa. Tofauti ni muda: wa kisasa huiva upesi, ilhali wa kienyeji, hasa aliyezeeka, huhitaji subira lakini hutoa mchuzi wenye ladha nzito zaidi.

Kuchoma

Kuku hukatwa vipande vinane, akapakwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, juisi ya ndimu moja na nusu ya tangawizi na vitunguu swaumu vilivyotwangwa, kisha akawekwa kwenye jokofu kwa nusu saa. Kabla ya kuwekwa motoni afutwe majimaji, kwa sababu ngozi iliyolowa huanza kwa kutoa mvuke badala ya kubadilika rangi.

Mkaa uwashwe nje ya nyumba, na usitumike mpaka miale iishe na makaa yafunikwe na majivu mepesi. Kuwasha kwa plastiki au mafuta ya taa kuepukwe, kwani harufu yake huingia katika nyama na moshi wake una madhara.

Vipande vya kuku huchomwa kwa dakika 12 hadi 15, vikigeuzwa mara kwa mara mpaka viwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Hakuna haja ya kuviivisha hadi mfupani, kwani vitamaliziwa kwenye sufuria. Hata hivyo, visiachwe vikapoa na kungoja. Nyama iliyoiva nusu ni mahali pazuri pa bakteria kuzaliana, hivyo iingie kwenye sufuria mara tu itokapo motoni.

Mahindi yaliyomenywa huchomwa kando ya kuku kwa dakika 10 hivi, yakizungushwa mpaka punje nyingi ziwe na madoa ya kahawia. Nyanya nazo huwekwa zikiwa nzima mpaka maganda yapasuke.

Kahawia ndiyo rangi inayotafutwa, si nyeusi. Nyama inapoungua na mafuta yanapowaka moto, hutengenezwa kemikali ambazo baadhi yake zinahusishwa na saratani. Sehemu zilizoungua zikwanguliwe na kutupwa. Katika supu huleta uchungu tu.

Kuchemsha

Hatua hii yaweza kufanyika kwenye gesi au jiko la umeme bila kupoteza chochote. Vitunguu maji vilivyokatwa hukaangwa kwa mafuta mpaka vilainike, vikafuatiwa na tangawizi na kitunguu swaumu vilivyobaki, bizari nyembamba na nyanya zilizochomwa na kumenywa. Mchanganyiko ukishashikana, kuku huingizwa pamoja na maji.

Wakati huo punje za mahindi hukatwa kwa kisu kutoka kwenye magunzi. Magunzi hayo yasitupwe. Yakitumbukizwa katika sufuria, huuachia mchuzi utamu na harufu ya kuchomwa iliyobaki ndani yake.

Supu ikichemka, moto hupunguzwa. Kuku wa kisasa atahitaji dakika 35 hadi 40. Wa kienyeji saa moja na nusu hadi mbili, akiongezewa maji ya moto kila yanapopungua. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri kwamba nyama ya kuku ifikie nyuzijoto 74 sehemu yake ya ndani. Asiye na kipimajoto aendelee kupika mpaka nyama iachie mfupa kwa urahisi na pasionekane rangi ya damu karibu na kiungo cha paja.

Baada ya hapo kuku na magunzi huopolewa. Viazi vilivyokatwa vidogo na theluthi mbili ya punje za mahindi huingizwa kwenye mchuzi. Theluthi iliyobaki husagwa kwenye blenda au kutwangwa kwenye kinu pamoja na kikombe kimoja cha mchuzi uliopoa kidogo, kisha ikarudishwa sufuriani. Wanga wa mahindi hayo ndio unaoifanya supu iwe nzito bila kuongezwa unga.

Supu huachwa ichemke taratibu kwa dakika 15, ikikorogwa ili isishike chini. Nyama huchambuliwa kutoka mifupani na kurudishwa pamoja na pilipili mbuzi nzima, ambayo hutoa harufu yake bila ukali mwingi iwapo haitapasuka. Anayependa tui la nazi anaweza kuongeza kikombe kimoja mwishoni, moto ukiwa mdogo. Ndimu ya pili, pilipili manga na giligilani huwekwa sufuria ikishaepuliwa.

Chumvi ionjwe mwisho. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na viungo vya mchuzi vya pakiti huwa na chumvi nyingi. Supu iliyojengwa juu ya nyama na mahindi ya kuchoma haivihitaji.

Kwa mkazi wa ghorofani

Si kila mkazi wa mjini ana ua wa kuchomea. Kwake zipo njia tatu.

Kwanza, kikaango kizito cha chuma kikipashwa moto sana huleta rangi ya kahawia kwa kuku na mahindi, na wavu mdogo juu ya mwale wa gesi hutosha kuchomea mahindi na nyanya. Oveni yenye moto wa juu hufanya kazi hiyo hiyo.

Pili, vipo viungo vilivyokwisha kupitishwa kwenye moshi. Meksiko, nchi ambako mahindi yalianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita, kuna pilipili iitwayo chipotle, yaani jalapeño iliyoiva na kukaushwa kwa moshi. Hispania nako hutengenezwa unga wa paprika ya moshi. Nusu kijiko cha chai cha kimojawapo chatosha sufuria nzima.

Tatu ni mbinu iliyozoeleka katika mapishi ya Kihindi. Kipande kimoja cha mkaa hupashwa juu ya gesi mpaka kiwe chekundu, kikawekwa kwa koleo katika kibakuli kidogo cha chuma kinachoelea au kuwekwa juu ya kipande cha kiazi ndani ya sufuria. Kijiko kimoja cha chai cha samli hudondoshwa juu yake na sufuria kufunikwa mara moja kwa dakika tatu hadi tano. Madirisha yawe wazi, na kipande hicho kizimwe kwa maji mara kikitolewa.

Tahadhari

Kipande kimoja cha mkaa ndani ya sufuria hakifanani na jiko zima ndani ya chumba. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huweza kufariki dunia bila kuamka. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata baada ya moshi kuisha, kwa kuwa makaa yasiyotoa moshi bado hutoa hewa hiyo.

Jambo jingine ni kuosha kuku mbichi. Maji ya bomba yanayomwagika juu ya nyama hurusha vimelea kama Salmonella na Campylobacter kwenye sinki, vyombo na mboga zilizo karibu. Kinachoua vimelea ni joto la kupikia. Mpishi anayelazimika kumwosha kuku aliyenyonyolewa sokoni atumie maji yaliyotulia ndani ya beseni, kisha asafishe beseni, kisu, kibao na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa giligilani itakayoliwa mbichi.

Supu iliyobaki isilale juu ya jiko. Iwekwe kwenye vyombo vifupi ili ipoe upesi na iingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili, au saa moja iwapo joto la chumba limezidi nyuzijoto 32. Siku ya pili ichemshwe mpaka itokote kabla ya kuliwa.

Kwa hesabu hiyo, mkaa unaohitajika ni wa nusu saa tu, tena nje ya nyumba, na anayetumia kikaango hauhitaji kabisa. Saa nzima au mbili zinazobaki za kuchemsha, ambazo ndizo zinazomweka mpishi na watoto wake karibu na moshi, zinaweza kuachiwa gesi au umeme, na anayekula hatatambua tofauti.