Makorokoro ya nyuma ya nyumba na homa iliyopata jina Newala

Ukipita alfajiri katika kijiji chochote cha Masasi au Newala, sauti ya kwanza ni ya ufagio. Uwanja wa mbele unafagiliwa mpaka mistari inabaki kwenye mchanga, na mgeni akifika saa mbili asubuhi anajua ameingia nyumba ya watu wanaojiheshimu. Kwa hilo hatuna cha kumfundisha mtu. Ila zunguka nyuma, upande wa jikoni na bafu. Hapo utakuta tairi la pikipiki lililoisha, sufuria iliyotoboka, ndoo isiyo na mkono, madumu yaliyokatwa vichwa, vifuu vya juzi, na chungu cha marehemu bibi ambacho hakuna anayethubutu kukitupa.

Mali hiyo tunaiita makorokoro. Hatuitupi kwa sababu kila kitu "kitafaa siku moja", na mara nyingi kweli hufaa. Anayejua bei ya ndoo mpya hawezi kumcheka anayetunza iliyopasuka. Kwa hiyo, msikilizaji, hatukuandika haya ili kumwaibisha mtu. Tumeandika kwa sababu mvua zikianza, rundo lile la nyuma ya nyumba hupata mpangaji, na mpangaji huyo ana historia ndefu na uwanda wetu wa Makonde.

Homa yenye jina la Kimakonde

Kati ya mwaka 1952 na 1953, nchi ikiitwa bado Tanganyika na sisi tukiwa ndani ya Jimbo la Kusini, ugonjwa mgeni ulizuka upande wa Newala. Mtu alikuwa mzima, mara anashikwa na homa kali ya ghafla, na viungo vinamuuma mpaka hawezi kunyooka. Vidole, viwiko, magoti, vifundo vya miguu, vyote kwa pamoja. Wenyeji wakauita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kile kinachomkunja mtu. Wazee hawakuhitaji maabara kuueleza ugonjwa huo. Jina lenyewe lilitosha.

Madaktari walioufuatilia, akiwemo Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, waliona unafanana sana na homa ya dengi. Mwaka 1953 mtafiti R. W. Ross alifanikiwa kuvitenga virusi vyake, na mwaka 1955 taarifa za Robinson na Lumsden zikachapishwa. Jina la kienyeji halikubadilishwa. Leo daktari wa India, Brazili au Italia akiandika chikungunya kwenye cheti cha mgonjwa, anaandika Kimakonde, hata kama hajui Newala iko wapi.

Kwa nini hapa? Jibu ni maji. Uwanda uko juu na udongo wake wa mchanga hunywa mvua yote, huku chemchemi na mito ikiwa chini mabondeni. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala na kutazama bonde la Ruvuma, unaelewa safari waliyokuwa nayo bibi zetu na mitungi kichwani. Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayamwagwi. Yaliwekwa ndani ya nyumba, siku baada ya siku, na humo humo ndani mbu aitwaye Aedes akapata pa kuzaliana.

Pwani ya Kenya nako mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mwaka 2004 kisiwa cha Lamu kilikuwa na ukame, watu wakaweka akiba ya maji majumbani, na chikungunya ikalipuka. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa karibu watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Kutoka hapo ikaonekana Mombasa, mwaka uliofuata ikawa Komoro, kisha Reunion na India. Kwa hiyo anayedhani homa hii huja na mvua nyingi tu amekosea. Mvua humpa mbu vifuu na matairi, na ukame humpa mitungi na mapipa.

Mbu wa mchana

Tumezoea kuzungumza juu ya mbu wa malaria, anayeuma usiku na kupenda madimbwi ya nje. Huyu mwingine ana tabia zake. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni na mwilini. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, wakati mama yuko jikoni na watoto wanacheza uwanjani. Chandarua unachotandika usiku kinakukinga na malaria, endelea nacho, lakini saa kumi jioni hakikusaidii kitu. Tena haruki mbali. Ukiumwa naye kwako, kuna uwezekano mkubwa amezaliwa kwako au kwa jirani.

Hahitaji bwawa. Maji ya kujaa kifuniko cha chupa yanamtosha. Mayai yake hayaweki katikati ya maji bali huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji. Chombo kikikauka, mayai hayafi. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri, na maji yakirudi yanaanguliwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka, kwa joto letu, ni kama wiki moja au siku kumi. Akishakua, hupumzika penye giza na utulivu: chini ya kitanda kilichojazwa mabegi, nyuma ya nguo zilizotundikwa ukutani mwaka mzima, nyuma ya magunia. Chumba kilichojaa vitu ni kizuri kwake kwa sababu hakuna mkono unaofika huko.

Maji ya kununua hayamwagwi

Kuna ushauri tunaousikia mara nyingi, kwamba kila wiki umwage maji yote uliyohifadhi. Ushauri huo unamfaa aliye na bomba linalotoka kila siku. Mwambie mama wa kijijini uwandani, aliyenunua dumu kwa fedha yake au aliyepanga foleni tangu usiku, amwage maji, uone atakavyokutazama. Sisi tunasema usimwage. Tumia, kisha sugua.

Ukiwa na pipa na madumu matatu, usiwe unaongeza maji mapya juu ya ya zamani. Maliza chombo kimoja kabisa. Yale ya chini yanayobaki yafulie au yamwagilie mboga. Kabla hujajaza tena, sugua kuta za ndani kwa brashi au kwa mchanga na kitambaa kigumu, hasa pale juu palipo na mstari, kwa sababu mayai yako hapo na kusuuza tu hakuyaondoi. Fanya hivyo mara moja kwa wiki kwa kila chombo, kwa zamu, na hakuna tone litakalopotea.

Chombo chenye maji kifunikwe kweli. Sinia lililolegea au kipande cha bati kilichoachwa upenyo hakimzuii mbu. Kipande cha chandarua kuukuu au cha kanga, kikafungwa shingoni mwa pipa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kinafanya kazi vizuri kuliko mfuniko wa mbao uliopinda. Wenye simtanki waangalie tundu la juu pale maji ya bati yanapoingilia, nalo lifungwe wavu. Mifereji ya bati iondolewe majani, maana yakiziba, maji yanasimama humo na hakuna anayeyaona.

Kipi kibaki, kipi kiende

Tukirudi kwenye rundo la nyuma, swali letu si kama kitu kitafaa siku moja. Tunauliza kama kinashika maji. Kama hakishiki, kinaweza kungoja siku yake. Kama kinashika, leo leo kifanyiwe jambo: kifudikizwe, kitobolewe chini, kijazwe mchanga, au kiondoke.

Ndoo na sufuria unazozitunza zifudikize juu ya kichanja. Vifuu vipeleke jikoni, ni kuni nzuri. Makopo yaponde, kisha yafukie kwenye shimo la taka. Vyuma na mabati subiri wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na baiskeli, na ukipata fedha ya chumvi si haba. Vishina vya mianzi kwenye uzio, vile vilivyokatwa vikabaki na uwazi juu, vijaze mchanga. Wengi hawavikumbuki hivyo. Chungu cha bibi kinaweza kubaki maisha yote, lakini kilale kifudifudi.

Tairi ndilo kaidi kuliko vyote. Ukiligeuza namna yoyote, linabaki na maji ndani, na kulichoma ni kuwavutisha watoto moshi wenye sumu. Anayetengeneza makatambuga atalichukua. Kama hayupo, likate au litoboe sehemu kadhaa, au lijaze udongo upande mboga.

Wazee wa kiume wasidhani habari hii ni ya akina mama peke yao. Tairi ni la pikipiki yako, chupa za dawa ni za shamba lako, na pampu ya kupulizia mikorosho iliyolala nyuma ya choo hukuiweka hapo kwa mkono wa mkeo.

Tulitaje pia hili la mikorosho kwa kifupi, ingawa siyo habari ya mbu. Msimu wa kupulizia ukikaribia, mifuko ya salfa ya kupambana na ubwiriunga huingia ndani ya nyumba na kulala kando ya gunia la mahindi, wakati mwingine chini ya kitanda cha watoto. Salfa inawasha macho na kifua, na ikishika moto moshi wake unakaba roho. Itafutie pembe yake nje ya chumba cha kulala, mbali na moto na chakula, na mfuko wake mtupu usiwe wa kuhifadhia mbaazi. Chupa ya kiuatilifu iliyokwisha isuuzwe mara tatu, maji hayo yaingie kwenye pampu na kupuliziwa shambani, kisha itobolewe ili mtu asije akaitilia mafuta ya kula.

Ukishikwa na homa

Homa ya ghafla na viungo kuuma si lazima iwe chikungunya. Inaweza kuwa malaria, na malaria huua haraka kama haikutibiwa. Nenda zahanati upime, usijitibu kwa kubahatisha. Ikiwa malaria haipo, mweleze mhudumu ni viungo gani vinauma na tangu lini. Chikungunya haina dawa maalumu ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hupewa mapumziko, maji mengi na parasetamo. Usinywe aspirini, diklofenaki au dawa za namna hiyo mpaka mhudumu ahakikishe si dengi, kwani kwa mwenye dengi zinaweza kuleta kutokwa damu. Ni nadra chikungunya kuua, ila maumivu ya viungo yanaweza kukaa wiki, miezi na hata zaidi, na mkulima asiyeweza kufumba kiganja hawezi kushika jembe. Wanaozidiwa zaidi ni wazee, watoto wachanga na wenye maradhi mengine. Katika siku za mwanzo mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asichukue virusi kwake na kuvipeleka kwa wengine wa nyumba hiyo.

Tulipokuwa tukiandaa makala haya tukaona ni aibu kuwaambia watu wakague nyuma ya nyumba zao kabla hatujakagua nyuma ya kituo. Tukatoka na tochi ya simu. Kulikuwa na ndoo ya fundi rangi yenye maji ya kahawia, na tairi la gari lililoegemezwa ukutani tangu hatujui lini. Tulipomulika ndani ya tairi, viluwiluwi vikazama kwa pamoja. Na hiyo ndiyo sehemu tunayokaa jioni kunywa chai tukilalamika kwamba mbu wa Masasi siku hizi hawana adabu, wanauma mchana. Ndoo imesuguliwa na kufudikizwa. Tairi limejazwa udongo, limepandwa mchicha, na mlinzi wetu ameshatangaza kwamba mchicha huo ni wake.