Uzamivu wa Hisabati: Tafuta Swali na Msimamizi Kabla ya Kulipa Karo

Mwalimu wa hisabati katika shule ya upili huko Ganze au Magarini akitaja nyumbani kwamba anataka kurudi chuo kikuu kufanya utafiti, haikosi jamaa wa kumuuliza: utafiti wa nini? Mtafiti wa kilimo huonekana shambani, na wa historia huenda kuwahoji wazee wa Kaya. Lakini hisabati si ilishamalizika zamani, majibu yakawekwa nyuma ya kitabu?

Swali hilo linastahili jibu, kwa kuwa anayelijibu vizuri anajua anakwenda chuoni kulipia nini. Shahada ya uzamili yenye tasnifu, na zaidi ile ya uzamivu ambayo wengi huiita PhD, haipatikani kwa kufaulu mitihani peke yake. Mwanafunzi hutakiwa kuongeza katika elimu ya hisabati kitu ambacho hakikuwapo kabla yake. Kinaweza kuwa kidogo, lakini lazima kiwe kipya na kiwe na uthibitisho.

Tofauti kati ya kuamini jambo na kulithibitisha inaonekana katika kanuni moja iliyotajwa na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18. Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba hiyo hiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 1 unapata 43. Ukichukua 2 unapata 47, na 3 inakupa 53. Zote ni namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Endelea hivyo hadi 39, na kila jibu litakuwa namba tasa. Mtu aliyejaribu mara 39 bila kukosea hata mara moja angekuwa tayari kuapa kwamba kanuni haikosei. Jaribio la 40 linatoa 1681, ambayo ni 41 mara 41, na kanuni imevunjika.

Kwa hiyo mtafiti wa hisabati haruhusiwi kusema “nimejaribu mara nyingi”. Mwaka 1742, Christian Goldbach alimwandikia Euler barua iliyozaa dai kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Kompyuta zimelikagua dai hilo hadi kwenye namba zenye tarakimu 19 bila kupata kosa, na bado halihesabiwi kuwa limethibitishwa. Hakuna mwanafunzi anayeshauriwa kuanza na swali zito namna hiyo. Wengi huanza na jambo dogo: kuchukua matokeo yaliyothibitishwa chini ya masharti matatu, kwa mfano, na kuuliza kama yanasimama sharti moja likiondolewa.

Hiyo ni hisabati tupu. Upande wa pili uko hisabati tumizi, na wakazi wa Kilifi wamekuwa karibu nayo kwa miaka mingi, pengine bila kujua. Mjini Kilifi, Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, KEMRI, imekuwa ikiendesha programu ya utafiti kwa ushirikiano na Wellcome ya Uingereza tangu 1989. Sehemu ya kazi yake ni kutumia milinganyo kuelewa jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii.

Chukua malaria. Daktari Mwingereza Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kazi yake kuhusu mbu na malaria, aliandika baadaye milinganyo iliyoonyesha kwamba si lazima kuua kila mbu ili ugonjwa uishe. Inatosha kupunguza mbu hadi chini ya kiwango fulani. Katika miaka ya 1950, George Macdonald aliendeleza kazi hiyo na kuonyesha kwamba jambo lenye uzito mkubwa ni muda ambao mbu anaishi.

Sababu yake inaweza kuhesabiwa mezani. Mbu aliyenyonya damu yenye vimelea hawezi kuambukiza papo hapo, kwani vimelea huhitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani yake, kutegemea joto. Tuseme kila siku mbu 90 kati ya 100 hunusurika. Baada ya siku 10 watabaki kama 35. Sasa tuseme neti na dawa zimepunguza wanaonusurika kila siku kuwa 80 kati ya 100. Baada ya siku 10 watabaki kama 11 tu. Badiliko dogo la kila siku limepunguza mbu hatari hadi chini ya theluthi moja. Neti iliyotiwa dawa haimkingi aliyelala ndani yake peke yake. Inafupisha maisha ya mbu na kumkinga pia jirani.

Mwanafunzi wa uzamivu anaweza kuchukua milinganyo ya aina hiyo na kuuliza jambo ambalo halijajibiwa. Itakuwaje mbu wakianza kuuma mapema jioni, kabla watu hawajaingia ndani ya neti? Itakuwaje ikiwa nusu ya wakazi wa eneo huhama kwa msimu? Hapo tayari kuna mbegu ya tasnifu.

Sasa njia yenyewe. Baada ya shahada ya kwanza, mwanafunzi husoma uzamili, kwa kawaida miaka miwili: masomo ya darasani kwanza, kisha tasnifu. Uzamivu hufuata, na haupungui miaka mitatu. Nafasi huombwa katika chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kimewapunguzia wakazi wa kaunti hii safari ya Nairobi, lakini ukaribu usiwe sababu pekee ya kuchagua chuo. Muhimu zaidi ni kujua ni nani atakayemsimamia mwanafunzi.

Wengi hukwama baada ya masomo ya darasani. Mitihani wameifaulu na karo imelipwa, lakini swali la utafiti halipo. Mwanafunzi hupewa msimamizi ambaye fani yake ni nyingine, au ambaye tayari ana wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwasomea kazi zao. Rasimu hukaa mezani miezi mitatu. Mwalimu anarudi kufundisha ili alipe mkopo, anaahidi kuandika wakati wa likizo, na likizo zinapita. Katika hisabati hali hii huumiza zaidi kuliko katika fani nyingine, maana aliyekwama hana data ya kwenda kukusanya wala maabara ya kumpa shughuli. Ana ukurasa mmoja usiokubali kusonga mbele. Bila mtu wa kumwonyesha pale hoja ilipovunjika, anaweza kuzunguka hapo hapo mwaka mzima.

Kwa hiyo upelelezi ufanywe kabla ya fomu kujazwa. Majina ya wahadhiri wa idara hupatikana katika tovuti ya chuo. Makala yao yanaweza kutafutwa bila malipo katika hazina ya arXiv, inayohifadhi makala za wanahisabati na wanafizikia tangu 1991, na katika orodha ya zbMATH Open, ambayo imekuwa wazi kwa umma tangu 2021. Ikiwa mhadhiri hajachapisha lolote kwa miaka mingi, hilo ni jambo la kuzingatia, hata kama ni mwalimu hodari darasani.

Akishapata jina, mwombaji huandika barua fupi. Inayoanza kwa “Naomba unisaidie kupata PhD” ni rahisi kuachwa bila jibu. Inayosema “Daktari, nimesoma makala yako, na katika hatua ya tatu sijaelewa kwa nini sharti la pili linahitajika” ina nafasi kubwa zaidi ya kujibiwa, hata kama swali lenyewe ni la mwanafunzi anayeanza. Wakikutana, si utovu wa adabu kuuliza kwa heshima: Profesa ana wanafunzi wangapi kwa sasa? Wangapi wamehitimu katika miaka mitano iliyopita, na walichukua muda gani? Je, anakaribia kustaafu? Msimamizi wa pili atakuwa nani? Majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko jina kubwa la chuo.

Kuhusu fedha, wakazi wajue mipaka. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kaunti zilikabidhiwa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo vikuu viko chini ya serikali kuu. Anayetegemea basari ya wadi kwa masomo ya uzamivu asome masharti yake kwanza, asije akaanza masomo kwa matumaini tu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, hutoa mikopo kwa wanaoendelea na masomo baada ya shahada ya kwanza, lakini huo ni mkopo na utalipwa.

Ufadhili usiolipwa upo, ila una ushindani. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003 na kufungua tawi Rwanda mwaka 2016, kwa kawaida huwagharamia masomo na malazi wanafunzi wa uzamili inaowachagua kutoka barani kote. Kituo cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan, hutoa stashahada ya hisabati ya baada ya shahada ya kwanza kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Shirika la Ujerumani la DAAD nalo limekuwa likifadhili masomo ya juu ndani ya Afrika Mashariki. Vijana wengi wa Pwani wenye alama nzuri hawaombi nafasi hizi kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa zipo, na hilo ni jambo la kusikitisha kuliko ukosefu wa fedha wenyewe.

Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, apange mapema suala la likizo ya masomo. Aelewe pia kwamba siku hizi shahada ya juu haimpandishi cheo moja kwa moja. Anayetafuta nyongeza ya mshahara peke yake huenda akavunjika moyo. Anayelenga kufundisha chuo kikuu, kwa upande mwingine, hana njia ya mkato, kwa kuwa uzamivu ndiyo sifa inayotakiwa kwa mhadhiri.

Mambo mawili ya kiutaratibu huwashtua wanafunzi mwishoni. La kwanza ni kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, kilichowekwa na sheria ya mwaka 2013. Mwenye kutumia data za wagonjwa atahitaji pia idhini ya kamati ya maadili. Aulize idarani anapoandika pendekezo lake, asisubiri tasnifu iwe tayari.

La pili ni uchapishaji. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 ilimtaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha angalau makala mawili katika majarida yanayokaguliwa na wataalamu. Majarida ya hisabati ni mazito. Mkaguzi hupitia uthibitisho mstari kwa mstari, na si ajabu makala kukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya jibu kutoka. Anayesubiri amalize tasnifu ndipo atume makala yake huahirisha mahafali yake mwenyewe. Kuna pia majarida yanayoahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili kwa ada, bila ukaguzi wowote wa maana. Makala iliyotokea humo inaweza kukataliwa na chuo na kubaki doa katika jina la mtafiti.

Tasnifu ikikamilika husomwa na watahini, akiwemo wa kutoka nje ya chuo, kisha mwanafunzi huitetea mbele ya jopo. Kurudishwa kufanya masahihisho ni jambo la kawaida, wala si kuanguka.

Kwa mwalimu wa Ganze tuliyeanza naye, hatua ya kwanza haihitaji karo. Achague mada moja aliyoipenda katika shahada ya kwanza, atafute makala mawili au matatu kuihusu, kisha aandike kurasa mbili kwa maneno yake: nini kinajulikana, nini hakijulikani, na ni wapi yeye mwenyewe amekwama. Idara za hisabati huwa na semina ambapo watafiti huwasilisha kazi zao. Aulize ofisi ya idara zinafanyika lini na kama wageni wanaruhusiwa, aende na kurasa zake mbili, na baada ya mawasilisho amwombe mhadhiri dakika kumi.