Likizo ya Usambara: tenga pesa ukiwa bado Al Wukair

Likizo iliyopita tulishuka Tanga tukisema lazima tupande Usambara. Wiki ya pili mfuko mtupu: bati la nyumba ya mama (hilo hatulijutii), ada za shule, harusi mbili. Milima tukaiona kwa dirisha la basi.

Safari hii tumegawa mapema. Sheria ya Qatar inataka malipo ya likizo yatolewe kabla hujaondoka. Hayo ni ya nyumbani. Ya matembezi tunaweka riyali 100 kila mwezi, na tunaziacha riyali hivyo hivyo, maana dola ni riyali 3.64 miaka yote, shilingi ndiyo inayumba.

Tutaanzia ufukweni Pangani, halafu Muheza kwa msitu wa Amani, Korogwe, Mombo, Lushoto. Gari la kukodi hapana, mabasi yapo. Irente tunakwenda kwa miguu.